Mkutano Usio na Ajenda

Muhula uliopita nusura chama chetu kife: viongozi wakihutubia, sisi tukisinzia tu. Ndipo nikasoma kuhusu Harrison Owen, Mmarekani aliyeanzisha mikutano isiyo na ajenda mwaka wa 1985. Watu huketi duara. Mwenye hoja huiandika karatasini, akaibandika ukutani, na wanaoipenda humfuata. Usipojifunza wala kuchangia, ati miguu yako ikupeleke kwingine!

Lakini mbona hauvurugiki? Christopher Alexander, katika kitabu chake cha 1977, alieleza ruwaza 253 za miji na majengo, kila moja ikiwa tatizo linalojirudia pamoja na kiini cha suluhisho lake. Basi duara nalo ni ruwaza: halina nyuma pa kujificha.

Tulijaribu. Kikundi cha vitendawili kilijaa. Changu cha sarufi kilipata mtu mmoja, tena alinihurumia.