TANKI YA ESANSI INAOMBA KUPUMUA

Ndugu mashofere, ndugu mafundi wa garaje, na ninyi akina mama wa nyumbani, leo tunazungumza juu ya tundu dogo.

Motokari ya zamani imetoka asubuhi, inatembea vizuri. Baada ya nusu saa, kwenye kilima, motere inaanza kukohoa. Nguvu inapungua, kisha inazimika kabisa. Shofere anashuka, anafungua kapo, anaangalia huku na huku. Anangoja robo saa. Akiwasha, motere inaitika kama vile haikuwa na ugonjwa. Kilometa chache mbele, matata ni yale yale. Na siku moja itazimika juu ya njia ya reli, au katika kona ambako kamyo ya mawe inashuka.

Wengi husema: pompi imekufa. Pengine ni kweli. Lakini kabla ya kugusa pompi, uliza kwanza kama tanki inapumua.

Mama anayeuza mafuta ya mawese analijua jambo hili. Ukitoboa kopo la mafuta tundu moja tu, mafuta yanatoka kidogo kidogo, kisha yanakataa. Ukitoboa la pili upande wa juu, yanamwagika vizuri, kwa sababu hewa inaingia mahali pa mafuta yaliyotoka. Tanki ya motokari ni hivyo hivyo. Kila litri ya esansi inayokwenda kwenye motere inataka litri ya hewa iingie. Njia ya hewa ikizibwa, pompi inavuta na tanki inakataa. Nguvu hiyo si ndogo. Chukua ubavu wa tanki wenye sentimeta 50 kwa 50. Hewa ya ndani ikipungua sehemu 1 tu kati ya 10, hewa ya nje inausukuma ubavu huo kwa uzito unaopita kilo 200. Ndiyo maana tunaona tanki zilizobonyea peke yake, bila kugongwa na jiwe.

Tulipata kuona motokari moja, Land Rover ya aina ya Series III, zile zilizotengenezwa tangu 1971 hadi 1985. Shofere wake alibadilisha pompi mara mbili. Mara ya tatu alivuta esansi kwa mdomo ili ifike kwenye karburateri. Ikamwingia kifuani, akalala hospitali siku nne. Matata yalikuwa wapi? Kifuniko cha tanki kilikuwa kimepotea. Mtu mwema alifunga mdomo wa tanki kwa kipande cha mpira wa gurudumu na waya, akakaza sana asiibiwe esansi. Hakuna hewa iliyopita. Pompi zote mbili zilikuwa nzima.

NAMNA YA KUJUA

Motere ikizimika hivyo, toa kwanza motokari barabarani na uache motere ipoe. Hakuna sigara, hakuna moto karibu. Weka uso mbali, funika kifuniko kwa kitambaa, kifungue polepole na usikilize. Kama hewa inaingia ndani kwa mlio, na motere inawaka mara moja na kushika nguvu, umepata ugonjwa: njia ya hewa imeziba. Kama hakuna mlio, na motere bado inakataa, tafuta kwingine: filtri chafu, utando wa pompi uliopasuka, au tiyo ya esansi inayopita karibu sana na moto wa motere. Usidanganywe na jambo hili la mwisho. Tiyo ikipata moto sana, esansi inachemka ndani yake na motere inazimika. Ikipoa inawaka tena, sawasawa na tanki iliyoziba. Mlio wa kifuniko ndio unaotenganisha magonjwa haya mawili.

Pengine hewa haiingii, bali inatoka kwa nguvu. Hapo ndipo hatari kubwa. Sehemu nyepesi za esansi zinaanza kuchemka karibu na digrii 35, na huku kwetu Lubumbashi, mita karibu 1200 juu ya bahari, zinachemka upesi zaidi kuliko pwani. Mwezi wa 9 na wa 10, kabla ya mvua, tanki iliyozibwa inakaa juani na kujaa nguvu. Ukifungua kifuniko haraka, esansi inakurukia machoni na kifuani. Ukisikia inatoka, kaza tena, peleka motokari kivulini, ngoja.

MAHALI PA KUTAZAMA

Anza na kifuniko. Vifuniko vinafanana kwa macho, lakini havina kazi moja. Vingine vina tundu la hewa au valvu ndogo ndani. Vingine vimezibwa kabisa kwa sababu motokari ile ina tiyo ya hewa mahali pengine. Ukinunua cha pili ukakiweka mahali pa cha kwanza, umeifunga tanki koo. Chukua kifuniko cha zamani mkononi unapokwenda dukani.

Baadaye fuata tiyo ya hewa kwa mkono, tangu tanki hadi mwisho wake. Utakuta imekunjwa, imebanwa na kiti, imejaa vumbi jekundu, au nyigu amejenga nyumba yake ya udongo ndani. Msicheke, nyigu huyu anapenda sana tundu la ukubwa ule, na motokari iliyolala wiki chache ni kiwanja chake. Kwenye motokari nyingine, kama Land Cruiser zilizouzwa katika nchi zenye sheria kali za hewa, tiyo inakwenda kwenye kopo lenye makaa yanayoshika mvuke. Kopo hilo likilowa esansi, nalo linaziba.

Kuna tiyo nyingine ndogo inayopita kando ya mdomo wa kujazia. Hiyo kazi yake ni kutoa hewa wakati unapojaza. Kama esansi inakurudishia na kumwagika kila mara pompani, angalia hiyo kwanza.

Harufu ya esansi ndani ya motokari nayo ni ugonjwa wa njia hizi: tiyo imepasuka, au mpira wa kifuniko umekauka. Watu wanasema tumezoea. Kichwa kinachouma na kizunguzungu cha shofere ni mwanzo tu. Ndani ya esansi kuna benzeni, nayo inajulikana kuleta kansa ya damu kwa mtu anayeivuta muda mrefu. Mtoto aliyeketi nyuma anavuta mvuke huo huo.

KUTENGENEZA

Ondoa tiyo pande zote mbili kabla ya kuipuliza. Kamwe usipeleke hewa ya kompresa ndani ya tanki, inaweza kupasuka. Tiyo iliyokufa ibadilishwe kwa mpira wa esansi, si mpira wa maji wala tiyo ya serumu ya hospitali, ambayo esansi inaifanya ngumu kama fimbo. Mwisho wa tiyo ukae juu kuliko tanki, mbali na bomba la moshi.

Kutoboa kifuniko kwa msumari? Tunajua mnafanya. Motere itatembea, ndiyo. Lakini vumbi na maji ya mvua vitaingia, na siku motokari itakapolala ubavu, esansi itamwagika juu ya watu waliomo. Kitambaa mdomoni mwa tanki ni kibaya zaidi: kinalowa, kinakuwa utambi wa taa.

Na tanki iliyobonyea au inayovuja, usiichomelee, hata ikiwa tupu tangu jana. Tanki tupu ni mbaya kuliko iliyojaa, kwa sababu imejaa mvuke uliochanganyika na hewa. Esansi inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri; mazuti inataka joto la zaidi ya digrii 55. Mvuke wa esansi ni mzito mara 3 au 4 kuliko hewa. Unashuka, unatambaa chini, unaingia kwenye shimo la garaje, unangoja cheche.

KWA AKINA MAMA

Mvuke huo unatambaa pia nyumbani, mpaka kwenye mbabula. Baba akirudi na nguo zilizolowa esansi, zivuliwe nje, mbali na jiko, naye aoge ngozi kwa maji na sabuni. Esansi isiwekwe kamwe katika chupa ya limonadi. Mtoto akiinywa, msimtapishe, msimpe maziwa wala mawese. Akitapika, esansi inapita kwenye mapafu, na huko ndiko inakoua. Mpelekeni hospitali palepale, hata kama anacheza na kusema haumwi, na chupa aliyonywea mwende nayo.