Jinsi Matangazo ya Kuwasaidia Wanyama Yanavyoamsha Huruma

Mnamo mwaka 2007 jumuiya ya Marekani ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, ijulikanayo kwa kifupi kama ASPCA, ilitoa tangazo la televisheni ambamo mwimbaji Sarah McLachlan aliwaomba watazamaji wachange dola 18 kila mwezi. Mbwa na paka waliodhoofu walionyeshwa mmoja mmoja, huku wimbo wa huzuni ukisikika. Katika muda wa miaka miwili hivi zilipatikana takriban dola milioni 30. Ni mambo gani yaliyolipa tangazo hilo nguvu kiasi hicho?

Jambo la kwanza ni umbo la uso. Mwaka 1943 Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, alieleza kwamba kichwa kikubwa, paji pana, macho makubwa na mashavu ya mviringo ni dalili za utoto ambazo huamsha kwa binadamu hamu ya kulea. Hamu hiyo haikomei kwa watoto wa binadamu. Ndiyo sababu kamera husogezwa karibu na macho ya mnyama.

Jambo la pili ni kuonyesha kiumbe mmoja badala ya kutaja wengi. Katika uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 1993, watu waliulizwa wangekubali kulipa kiasi gani ili kuwakinga ndege wahamao wasife katika madimbwi ya mafuta. Walioambiwa kuwa ndege ni 2,000 walitaja wastani wa dola 80. Walioambiwa 20,000 walitaja dola 78. Na walioambiwa 200,000 walitaja dola 88. Idadi ya ndege iliongezeka mara 100, lakini huruma karibu ilibaki pale pale. Akili huweza kuhesabu maelfu. Moyo humwona mmoja tu.

Jambo la tatu ni kuupunguza mzigo machoni pa mchangiaji. Dola 18 kwa mwezi zilitajwa kuwa ni senti 60 tu kwa siku. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini kwa mwaka mzima ni dola 216.

Mbinu hizi si uongo, na zimeokoa wanyama wengi. Hata hivyo, huruma inayoongozwa na uso hubagua. Mfikirie tumbusi, yaani tai mzoga: kichwa hakina manyoya, na chakula chake ni mizoga. Nchini India tumbusi walipungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu miaka ya 1990, na mwaka 2004 ilibainika kuwa chanzo kikuu ni diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Tumbusi mgongo-mweupe wa Afrika naye aliwekwa mwaka 2015 katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Sumu itegwayo katika mizoga ni sababu mojawapo. Ndege huyu husafisha mbuga, lakini sura yake haimlizi mtazamaji.

Kwa hiyo mwanafunzi atazamapo tangazo la namna hii hana budi kujiuliza maswali matatu: Ni mnyama gani ambaye hakuonyeshwa? Wenye shida ni wangapi kwa jumla? Na fedha zitakazochangwa zitaondoa chanzo cha shida, au zitatuliza matokeo yake tu?