Shamba Likiachwa, Mbung'o Huingia

Tangu zamani watu wa Langoni, kama wenzao wa Mkomani, wamevuka mkono wa bahari kwenda kulima bara. Huko yako mashamba yaliyoachwa: mengine baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1907, mengine wakati wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967. Wengi hudhani kwamba shamba la namna hiyo limelala tu. Sivyo. Wadudu wake hubadilika mwaka hata mwaka.

Mwanzo majani huota na jua hufika chini. Huu ni wakati wa panzi na wa vipepeo wapendao mwangaza. Ng'ombe wakilishwa hapo, huja na vidudu vinavyofinyanga mavi yao na kuyafukia ardhini. Vichaka vikiota, majani hupungua, na panzi hupungua pamoja nayo. Hatimaye vichaka hushikana, na wadudu wa jua huwapisha wadudu wa kivuli.

Miongoni mwa hao yumo mbung'o. Yeye hatagi mayai kama inzi wengine, bali huzaa buu mmoja kila baada ya siku kumi hivi, na kumweka kivulini katika udongo mwepesi. Buu hujifukia, na baada ya mwezi mmoja hivi hutoka inzi kamili. Udongo ukipigwa na jua kali, kizazi hicho hufa. Tena kichaka huficha nguruwe mwitu, ambao damu yao ndiyo chakula cha mbung'o. Kisha huwauma ng'ombe na kuwaambukiza nagana, maradhi ya kukondesha na kuua.

Jambo hili lilidhihirika Tanganyika. Sotoka ilipoua ng'ombe wengi katika miaka ya 1890, malisho yaligeuka vichaka na mbung'o wakaenea. Katika miaka ya 1920 Wasukuma wa Shinyanga, wakiongozwa na Bwana C. F. M. Swynnerton, walitoka kwa maelfu kufyeka, na malisho yakapatikana tena.

Unguja ilimaliza mbung'o mwaka 1997 kwa kuachia madume yaliyofanywa tasa. Lakini Unguja ni kisiwa, na bara ya Lamu imeungana na misitu mikubwa.

Basi mwenye shamba asiyelima mwaka huu, yafaa afyeke angalau kandokando ya zizi na ya njia ya ng'ombe kwenda majini. Hapana haja ya kukata mwitu wote, kwani nyuki nao hupata riziki humo. Lakini asikawie: kichaka cha mwaka mmoja ni kazi ya panga, cha miaka kumi ni kazi ya shoka na watu wengi.