Kandege, Fuliza na Uraibu Usiopimwa kwa Saa

Pesa za HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, zikiingia, mji mzima wa Kwa Vonza hujua. Vibanda vya chapati na ndengu karibu na lango la Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kile tunachokiita SEKU, hujaa mapema. Madeni ya mama mboga hulipwa, na bodaboda hazikosi abiria. Na usiku huohuo, katika vyumba vya kupanga, wapo wanaolala bila senti. Hawakunywa, hawakuibiwa, wala hawakuvuka mlango. Pesa ziliondoka na kandege.

Kandege ni jina la mtaani la Aviator, mchezo wa kamari uliotolewa mwaka 2019 na kampuni ya Spribe. Unaweka dau, ndege inapaa kwenye kioo cha simu, na kadiri inavyopanda ndivyo dau linavyozidishwa: mara moja na nusu, mara mbili, mara tano. Ukibonyeza kutoa kabla haijatoweka, umekula. Ikikuwahi, dau limekwenda. Raundi nyingi huisha ndani ya sekunde chache, na nyingine huanza hapohapo. Mkeka wa mpira, yaani dau la mechi, humngojesha mtu dakika 90. Huu haumpi hata nafasi ya kujuta.

Watengenezaji hutangaza kwamba mchezo hurudisha asilimia 97 ya dau zote. Mwanafunzi akisikia hivyo huona kama amependelewa. Lakini ile asilimia 3 hukatwa kila raundi. Shilingi 1,000 zikizungushwa zote mara 50, kwa wastani hubaki kama 218, na hizo raundi 50 zinaweza kwisha kabla saa moja haijatimia.

Kwa nini kijana mwenye akili ya kutosha kufanya hesabu hiyo haachi? Wanasaikolojia wamelishughulikia swali hili kwa muda mrefu. B. F. Skinner wa Marekani alionyesha tangu miaka ya 1950 kwamba njiwa anayepata chakula kwa kubahatisha, mara baada ya kudonoa kidogo, mara baada ya kudonoa sana, huendelea kudonoa bila kuchoka, na hata chakula kikikatizwa huchelewa kukata tamaa. Mwaka 2009 Luke Clark wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzake walipiga picha za ubongo wa watu wakicheza mashine ya kamari. Waligundua kwamba kukosa chupuchupu huamsha sehemu zilezile zinazoamshwa na ushindi, ingawa mchezaji mwenyewe hukiri kwamba kukosa huko kunamuudhi. Anaudhika, na papo hapo hamu ya kuendelea inampanda.

Sasa tazama kandege ilivyosukwa. Ukitoa pesa ndege ikiwa mara moja na nusu, huondolewi uwanjani. Unabaki unaitazama ikipaa hadi mara 20, huku pembeni yakipita majina ya waliongoja na kiasi walichokula. Kila raundi ina chupuchupu yake, hata ile uliyoshinda. Naamini hapo ndipo ukatili wa mchezo huu ulipo.

Tiba imechukua muda kukubali kwamba mtu anaweza kuwa mraibu wa kitendo, bila tone la pombe wala moshi wa bangi. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza kamari iliyokithiri katika mwongozo wao, lakini waliiweka pamoja na matatizo ya kushindwa kujizuia. Mwaka 2013 ndipo walipoihamishia kwenye kundi la uraibu, pamoja na pombe na dawa za kulevya. Shirika la Afya Duniani nalo liliiweka kamari, na pia michezo ya video, katika kundi la uraibu kwenye orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022.

Mark Griffiths, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Nottingham Trent, Uingereza, ameeleza dalili sita za uraibu, na anayeishi na wanafunzi atazitambua. Jambo lenyewe hutawala mawazo, hata darasani. Mtu hulitumia kubadili hali ya moyo. Dau la shilingi 10 halimsisimui tena, anataka 200. Akikosa kucheza anakuwa mkali na hatulii. Anagombana na wenzake, na nafsi yake pia. Anaapa kuacha, anaacha wiki mbili, halafu anarudi.

Lakini kipimo cha aina hii kikitumiwa ovyo kinaweza kumfanya kila mtu mgonjwa. Mwanasaikolojia Joël Billieux na wenzake walionya mwaka 2015 kwamba watafiti walikuwa wakigeuza maisha ya kawaida kuwa orodha ya maradhi. Miaka mitano baadaye Liam Satchell na wenzake walichukua maswali yanayotumiwa kupima uraibu wa mitandao ya kijamii, wakaweka marafiki wa ana kwa ana mahali pa mitandao. Asilimia 69 ya waliojibu walionekana waraibu wa marafiki! Naye Douglas Parry wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, pamoja na wenzake walikusanya tafiti nyingi mwaka 2021, wakalinganisha muda ambao watu husema wametumia simu na vifaa vingine vya kidijitali na muda uliorekodiwa na vifaa vyenyewe. Waliokaribia ukweli walikuwa wachache mno.

Nayataja haya kwa sababu katika Ukambani, kama kwingineko, wazee wanapolalamika hulalamikia simu. Simu imewaharibu watoto, wanasema, na mzazi anapima uharibifu kwa saa. Mwanafunzi wa Kwa Vonza atafanya nini bila simu? Noti za mihadhara zimo humo, karo hulipwa humo, na mama aliyeuza ndengu Mutomo au maembe Makueni hutuma pesa ya matumizi humo. Anayekesha akitazama video na asubuhi akafika darasani amechoka ana shida ya usingizi. Aliyekopa pesa ya mtihani, akadanganya nyumbani kwamba amelazwa, kisha akacheza tena ili arudishe alizopoteza, huyo ana ugonjwa wenye jina, hata kama alishika simu dakika 20 tu. Kuwaweka wawili hawa kapu moja ni kumwonea wa kwanza na kumtelekeza wa pili.

Kenya ina hatari yake ya pekee. Kwingi duniani kamari ilikuwa na jengo: mtu alitoka nyumbani, akafika, akaishiwa, akarudi. Kwetu M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilianza 2007, M-Shwari ikaleta mkopo simuni 2012, na mwaka 2019 Fuliza ikamwezesha mtu kutumia pesa ambazo hana. Zote nimezitumia na zimenifaa. Ila zilipokutana na kampuni za kubeti, mfuko, mkopeshaji na meza ya kamari vilikaa kiganja kimoja. Uchunguzi wa kampuni ya utafiti ya GeoPoll wa mwaka 2017 ulikuta asilimia 76 ya vijana Wakenya waliohojiwa wamewahi kucheza kamari. Si wote waraibu, na wengi hawatakuwa. Lakini mwaka uliofuata Derrick Ssewanyana, aliyekuwa akifanya utafiti Kilifi, na Byron Bitanihirwe waliandika wakitaka tatizo hili la vijana wa Afrika lishughulikiwe kama suala la afya ya umma.

Serikali imekuwa ikilitazama tatizo hili zaidi kwa jicho la kodi. Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na Agosti mwaka huo sheria mpya ya kamari ikatiwa saini kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Ni hatua, na naipongeza. Ningependa mamlaka mpya ya kamari ianze na kasi ya mchezo: mtu aliyepoteza alazimishwe kungoja kabla ya kuweka pesa nyingine, na pesa ya mkopo isiruhusiwe kabisa kuingia kwenye akaunti ya kubeti.

Ushahidi wa kuitetea kanuni kama hiyo unaweza kupatikana Kwa Vonza. Wanafunzi hawakumbuki saa walizotumia, lakini M-Pesa inakumbuka kila shilingi, na taarifa hupatikana kwa kubonyeza *334#. Mtafiti wa saikolojia atakayepiga kambi hapa, akapata ridhaa ya wanafunzi mia chache, akafuta majina na namba zao, akafuatilia miamala kuanzia siku HELB inapoingia hadi wiki ya mitihani, ataona dau linavyopanda, Fuliza inaitwa saa ngapi za usiku, na ni baada ya hasara ya ngapi mtu huanza kukopa. Atajua pia ni siku zipi mshauri nasaha wa chuo anapaswa kuacha mlango wazi hadi usiku.