Chombo cha Mafuta Chenye Siri Tumboni

Mfinyanzi hufinyanga chombo kwa kazi yake. Chungu cha kupikia huwa na mdomo mpana. Mtungi wa maji huwa na shingo. Mkulima wa Kasesya akiokota kigae shambani, mdomo wa kigae hicho unaweza kumweleza kilikuwa chombo cha kazi gani.

Leo tutazame chombo cha kale cha Ugiriki, nchi iliyo Ulaya. Kinaitwa lekitho. Kilifinyangwa katika mji wa Athens, miaka 2,400 hivi iliyopita. Ni kirefu na chembamba, kina mkono mmoja. Shingo yake ni nyembamba sana. Kwa nini? Ndani yake yalitiwa mafuta ya zeituni yenye manukato. Mafuta hayo yalikuwa ghali, hivyo yalitakiwa yatoke kidogo kidogo.

Lekitho nyingine zilipakwa rangi nyeupe, kisha zikachorwa picha za watu wanaozuru kaburi. Rangi hizo zilibanduka upesi. Hazikufaa kwa kazi za kila siku. Lekitho hizo zilipelekwa makaburini pamoja na mafuta yake.

Sasa sikia siri. Ndani ya baadhi ya lekitho hizo, mfinyanzi alificha kikombe kidogo chini ya shingo. Mafuta yalijaza kikombe hicho tu. Tumbo lote lilibaki tupu! Aliyechungulia mdomoni aliona chombo kimejaa. Je, walitaka kumdanganya marehemu? Mimi naona walikuwa watu wenye majonzi mengi na fedha kidogo.

Lakini hewa iliyofungiwa ndani ya udongo hupasua chombo motoni. Wafinyanzi wetu wa Ufipa wanalijua jambo hilo. Mfinyanzi wa Athens naye alilijua. Alitoboa tundu dogo ubavuni, hewa ipate kutoka. Tundu hilo ndilo linalomfichua mpaka leo.

Hapa kwetu pia kuna vyombo vya kale. Kasesya iko mpakani na Zambia. Katika mpaka huohuo yako maporomoko ya Kalambo. Miaka ya 1950, mtaalamu J. Desmond Clark alianza kuchimba karibu na maporomoko hayo, upande wa Zambia. Alikuta vigae vya watu waliotumia chuma zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Vyungu vyao havikuchorwa picha. Vilipambwa kwa mistari iliyochimbwa katika udongo mbichi. Watu hao hawakuacha maandishi. Vigae ndivyo vinavyotupa habari zao.

Jembe lako likigonga vigae vya namna hiyo, usivitawanye. Viache palepale, kisha umwarifu mwenyekiti wa kijiji. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kigae kikishahamishwa, ni vigumu kujua kama kilikuwa karibu na jiko au karibu na kaburi.