MRI Hubaini Mapema Baridi Yabisi ya Uti wa Mgongo

Maumivu ya mgongo yanayoanza kabla ya umri wa miaka 45 na kudumu zaidi ya miezi 3 yanahitaji uchunguzi wa daktari, hususan yanapozidi usiku na kupungua kwa mazoezi badala ya mapumziko. Hizo ni miongoni mwa dalili za baridi yabisi ya uti wa mgongo, ugonjwa ambao usipotibiwa huweza kuunganisha pingili na kuufanya mgongo ushindwe kupinda.

Uchunguzi huanza kwa picha ya eksirei ya viungo vinavyounganisha uti wa mgongo na nyonga. Hata hivyo, eksirei huonesha madhara yaliyokwishatokea kwenye mfupa, ambayo huweza kuchukua miaka kadhaa kujitokeza. Hivyo, picha isiyo na kasoro si uthibitisho kwamba ugonjwa haupo.

Kipimo cha MRI, kinachotumia sumaku na mawimbi ya redio, huonesha majimaji yaliyojikusanya ndani ya uboho kabla mfupa haujaharibika. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 1984 vilitegemea eksirei. Vya mwaka 2009 viliongeza MRI.

Aidha, majibu ya MRI hayasomwi peke yake, kwani hali kama hiyo huweza kuonekana pia kwa wanariadha na wanawake waliojifungua karibuni. Daktari huyalinganisha na vipimo vya damu pamoja na historia ya maumivu. Kwa sababu hiyo, mgonjwa anashauriwa kueleza bayana maumivu yalianza lini na hupungua wakati gani.