Pareto, Mwarobaini na Maradhi ya Sukuma Wiki

Katika mtaa wa Gatina, Kawangware, kama vile huko Kibera, mtu asiye na shamba huweza kupanda sukuma wiki katika gunia la udongo na samadi karibu na mlango wake. Miche ya gunia moja hukaribiana sana, na ugonjwa ukiingia haukawii kuenea. Majani hupata mabaka ya manjano, hukunjamana, na mche hudumaa. Mwenye mboga huona vidukari chini ya jani, akakimbilia dawa.

Yafaa kwanza kumtambua adui. Mabaka hayo huletwa na virusi, na mche ulioambukizwa hauponi kwa dawa yoyote. Lakini virusi havina miguu. Kidukari hufyonza utomvu wa mche mgonjwa, kisha huenda akaudunga ulio mzima, na muda usiotimia dakika moja wamtosha kuambukiza. Kwa hiyo kunyunyiza dawa peke yake hakukingi mboga: mdudu atokaye gunia la jirani huweza kufanya uharibifu kabla hajafa. Mche mgonjwa ung'olewe mara moja na kutupwa mbali, ndipo dawa itumike kupunguza wadudu waliosalia.

Dawa hiyo yaweza kutokana na mimea. Pareto ililetwa Kenya katika miaka ya 1920, ikastawi katika nyanda za juu, kama Nakuru, Nyandarua na Kisii, hata kwa miaka mingi Kenya ikaongoza duniani kwa zao hilo. Nguvu yake imo katika ua; huvuruga neva za mdudu akaanguka upesi. Jua huiharibu kwa saa chache tu. Basi inyunyizwe jioni, tena chini ya majani, wakati ambapo nyuki wamekwisha rudi mzingani, kwa maana nao huwaua.

Mwarobaini hufanya kazi polepole. Azadiraktini iliyo katika mbegu zake humwondolea mdudu hamu ya kula na kumzuia asijivue gamba akakua. Mwenye haraka atasema dawa haifai, kumbe hakungoja. Mafuta yake husaidia pia kuzuia ukungu mweupe ufananao na unga juu ya majani ya maboga.

Wako walowekao tumbaku. Nikotini huua vidukari kweli, lakini ni sumu kali kwa binadamu, hupenya hata ngozini, na gunia li mlangoni wachezapo watoto. Tena tumbaku kavu huweza kubeba virusi vya mabaka vinavyoshika nyanya na pilipili, hivi kwamba aliyeleta dawa huwa ameleta ugonjwa. Hata vidole vya mvuta sigara vyaweza kuvipeleka. Naye anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche ya nyanya.